Mashine Inayoisubiri Lubunga

Kwa Msimamizi wa Mashine Kubwa ya Mafaili, Lubunga.

Bokilo Séverin mheshimiwa,

Nakuandikia kwanza kama mkuu wa ofisi yetu ndogo ya takwimu za samaki, halafu kama bokilo wako, mume wa dada yako. Ukiona hasira humu ndani, ni ya ofisi. Dada yako Rosine hajambo.

Bon. Unajua kompyuta zetu hazitunzi kitu. Mafaili yote yanakaa kwako, ng'ambo ya mto, na sisi tunayafikia kwa mtandao. Tangu asubuhi mashine yako haijibu. Mtafiti wetu Viviane alikuwa anahifadhi sura ya mwisho ya tasnifu yake, atakayoitetea Jumatatu chuoni, programu ikaganda katikati. Malalamiko yangu ni haya:

1. Programu hiyo haisikii kibodi, haisikii maombi. Kwenye orodha ina herufi D, maana yake imelala ikisubiri jibu lako. Na wewe, kama kawaida, huna haraka.

2. Nilifungua dirisha jingine nione folda ina tatizo gani. Nalo likaganda. Nikafungua la tatu kulichunguza la pili. Donc sasa tuna mgonjwa mmoja na wageni wawili waliokuja kumwangalia, wote wamelazwa. Wageni hao nimewapa amri ya kufa, ile namba tisa ambayo vijana wanasema haina rufaa. Wako tu, wamelala hata hawajapata habari ya kifo chao.

3. Nilipotaka kuipa namba tisa programu ya Viviane pia, alinishika mkono. "Papa Timothée, uache. Sura yangu iko njiani." Njiani wapi, bokilo? Hata mutu aliyeachwa na bac, kile kivuko chetu, huutazama mto kidogo, halafu anarudi kwake.

Kwa hiyo naomba ubadilishe mpangilio: kompyuta isipojibiwa upesi, ikate tamaa, itangaze kosa, iendelee na maisha. Laptop yangu nimeshaiwekea hivyo na inatii vizuri sana. Sheria hiyo ifike pia kwa wanakwaya wanaomngoja mpiga gitaa, na mezani. Kwangu inafuatwa tayari: ulipochelewa Jumapili ile, nilianza liboke, samaki aliyeokwa ndani ya majani, bila wewe, na ulimkuta mifupa. Ukikataa, nitavuka kwa pirogi, niifunge mashine yako kwa kikwembe cha Rosine, kile anachojifunga kiunoni, niilete huku kichwani.

Msalimie mkeo Bibiche na watoto, na yule jirani yako mwenye jenereta inayoiwasha mashine yako. Mwambie leo tunamfikiria sana.

Mimi, wako kwa mtandao na kwa ndoa,
Timothée

N.B. Nilikuwa naikunja barua, mashine yako ikaamka. Wale wageni wawili walifumbua macho, wakapata habari yao, wakafa palepale. Programu ya Viviane, ambayo haikupewa amri yoyote, iliendelea kutoka neno lilelile iliposimama. Sura nzima imefika, haikupungua nukta. Orodha yangu ya kambale, niliyokuwa naihifadhi kwako asubuhi hiyohiyo na laptop yangu tiifu ikaikatia tamaa, imeishia nusu ukurasa.

Basi usibadilishe kitu. Vuka Jumapili unioneshe namna ya kuirudisha laptop kwenye mpangilio wako. Rosine atapika liboke. Hata bac ikichelewa, hatutafungua majani kabla hujafika.