Nani Mwingine Amesikia Natia Maziwa Maji?

Jumatatu, 9 Juni 2025

Binti yangu mdogo Nasambu ametoka kumimina uji wake wote ndani ya kiatu changu cha kanisa, kisha akakifunika na leso kama mtu anayelaza mtoto. Sikumgombeza. Nilikuwa nimebana simu sikioni. Pauline, mwenye duka la maziwa hapa Bungoma, alikuwa tayari kuniajiri. Akamwandikia Jelagat, mdosi wangu wa zamani aliyeniajiri kuuza maziwa kule Kitale, kuuliza tu tabia yangu. Jelagat akajibu kwa sauti ya WhatsApp: ati mimi Nabwile natia maziwa maji, ati hata paka wa Kitale walinikataa. Uongo! Pauline amenitumia hiyo sauti. Amesema nisafishe jina kufikia Jumatatu ijayo, la sivyo anamchukua Jerop. Jerop! Yule anapima maziwa akiangalia wanaume.

Jumanne, 10 Juni

Nimemwona mzee Nyongesa, anayesaidia watu mambo ya sheria pale kanisani. Amesema nisifute sauti. Jelagat aandikiwe barua, afute maneno na aombe msamaha. Akikataa, korti iko, ila miezi kumi na miwili isipite. Na nitafute mashahidi waliosikia. Barua akaiandika palepale, nikaipiga picha, nikamtumia Jelagat. Mzee alikuwa anaendelea kusema jambo kuhusu kunyamaza, lakini Nasambu alishaanza kulamba muhuri wa mzee. Tukatoka mbio.

Mashahidi. Hiyo naiweza!

Alhamisi, 12 Juni

Jelagat kimya. Lakini sijakaa bure. Nimezunguka na simu nyumba kwa nyumba, nikawasikizisha watu, wakaandika majina. Thelathini na mmoja! Jirani yangu Mama Kevin alikuja kwangu mwenyewe, akasikiliza mara tatu. Ati pole sana dadangu. Chai yangu ya maziwa akaiacha nusu.

Ijumaa, 13 Juni

Nyongesa amesoma orodha, akavua miwani. Akauliza hawa wote wamesikia kwa nani. Kwangu! nikasema kwa furaha. Akairudisha orodha mikononi mwangu. Ati Jelagat alimwambia mtu mmoja tu, Pauline, na huyo mmoja alitosha. Ati hao wengine nimewaambia mimi. Ati hapa aliyemchafua Nabwile zaidi ni Nabwile. Nimelia njia nzima. Na kwa posho mill, tukingoja kusagiwa mahindi, mama mmoja akaniuliza kama maji ya kutia maziwa huwa yanachemshwa kwanza.

Jumatatu, 16 Juni

Mungu ni nani! Barua ilimtisha Jelagat. Ametuma sauti nyingine: kipimo chake cha maziwa ndicho kilikuwa kibovu, anaomba msamaha, Nabwile ni mtu safi. Pauline amenipa aproni, leo ni siku ya kujaribiwa. Nyongesa amenisihi nifanye kazi na nifunge mdomo. Ndiyo, mzee.

Lakini si watu wajue nimeombwa msamaha? Kila mteja namsikizisha. Shida ni kwamba msamaha peke yake hauna utamu. Lazima uanze na ile ya paka. Wateja watano wamesikia mpaka hapo tu, wakaondoka na chupa zao tupu. Watu wa siku hizi wana haraka bana! Nimewatumia pia binamu zangu wa Sirisia na Lwakhakha, maana huko hawakuwa wamesikia lolote. Pauline ananiita, jina lote mpaka la baba. Naenda. Acha tu nimtumie huyu wa Bokoli ile ya kwanza, halafu ile ya