Bi Mkubwa Kageukia Ukuta

Jumatatu, 4 Machi
Bi Mkubwa amegoma kula. Muuguzi kasema dawa bila chakula ni kazi bure, na bila dawa hamalizi mwezi. Mwenyewe kageukia ukuta, ati ndivyo alivyoandikiwa. Ameandikiwa! Mimi sikusoma, herufi nimezijua uzeeni, na kila siku naandika nafuta. Basi na hilo lifutwe. Mume wetu analia tu jikoni, hana msaada. Lakini mke mwenzangu huyu hajawahi kuvumilia uchokozi wangu. Nitamuudhi mpaka apone.

Jumanne, 5 Machi
Nimevaa gauni lake la maua. Nikapita mlangoni, nikarudi, nikapita tena. Akainua kichwa, akauliza nani kalivalisha gunia gauni lake. Nikamwambia aje anivue kama ana nguvu. Akadai uji, apate hizo nguvu. Bakuli zima! Nikajifungia chooni, nikacheka mpaka machozi.

Jumatano, 6 Machi
Nimemwambia mchuzi wa jirani mshonaji unaushinda wake. Akavuta shuka. Nikasema mume alinipenda mimi zaidi. Akajibu kwa upole kwamba anajua, na alishanisamehe zamani. Sikuwa na pa kuweka uso. Afadhali angenitukana! Uji umelala.

Ijumaa, 8 Machi
Kaniita nimsuke, ila nisimvute kama nang'oa magugu. Nikamwambia kichwa chake kigumu kuliko chuma. Akacheka kidogo. Akasema nimtunze mzee, nisimfokee. Upande wa kushoto sikuumaliza. Kaenda.

Jumapili, 10 Machi
Nyumba imejaa. Kila anayeingia ananishika mkono: ndivyo alivyoandikiwa. Neno lenyewe hulitoa jambo likishapita, na likiwa la mwenzao. Nikamuuliza mshonaji, mbona wali wake ukiungua hasemi umeandikiwa, anasema ni uzembe wa mkwewe? Kaondoka amenuna. Na anune. Jamani, nitagombana na nani sasa? Hawa wengine wananionea huruma.

Jumatano, 13 Machi
Mzee hajatoka kitandani tangu mazishi. Leo kasukuma sahani, ati na yeye ameandikiwa kumfuata. Nikamwambia vizuri sana, maana fundi viatu wa pale kona ameshaniposa. Hakugeuka.

Kesho nitamtaja muuza nyama. Huyo, mzee hataki hata kumsikia.