Nilivyompimia Bi Mwanapili Mpaka

Jumanne, 4 Februari 2025

Kibuyuni. Jua kali. Nimekuja kumpimia Bi Mwanapili mpaka kati yake na kakake, Chirau. Hawasemezani tangu Chirau adai vichanja vya kuanikia mwani vimo upande wake. Napima bure! Nia yangu ni Twaiba, binti wa Bi Mwanapili. Nampenda, na mamake ndiye wa kukubali au kukataa. Jaafar, mpimaji mwenzangu wa Ukunda, anamtaka pia, naye ana droni. Lazima nionekane mtaalamu.

Mtambo mmoja wa kupimia kwa satelaiti nimeusimamisha juu ya jiwe la mpaka. Wa pili nimetembea nao kwenye fimbo. Ule wa kwanza haufai kusogezwa hata kidogo, maana wa pili unautegemea. Bi Mwanapili aliuliza unafanya kazi gani. Nikamwambia ni mambo ya anga, asijisumbue. Akarudi kwa adabu kwenye mwani wake. Nilijiona mkubwa.

Jumatano, 5 Februari

Nimepigilia vigingi mbele ya watu wote. Lo! Mstari umepita jikoni kwa Bi Mwanapili. Kinu kwake, meko kwa Chirau. Vichanja vyote kwa Chirau. Nikatangaza kwamba satelaiti haidanganyi. Bi Mwanapili akalia. Chirau akanikumbatia na kuniita mwanangu.

Alhamisi, 6 Februari

Twaiba amepiga simu. Kumbe juzi, nilipokuwa nimekwenda mbali nikiwa na fimbo yangu, mamake aliuonea huruma ule mtambo wa jiweni kuungua juani. Akauhamishia kibandani, akaufunika leso. Kabla sijarudi akaurudisha, asionekane anaingilia mambo ya anga!

Twaiba anasema nije nimwombe mamake radhi na nipime upya, yaishe. Mama hana kinyongo, anataka jiko lake tu. Lakini nikikiri, Jaafar atanicheka mpaka Msambweni. Nimesema nitafikiria.

Ijumaa, 7 Februari

Nimefikiria. Baada ya swala nimemtumia Bi Mwanapili ujumbe kwamba hitilafu ilitoka angani, na kwamba itajirekebisha yenyewe. Twaiba amejibu kwa niaba yake: Jaafar anakuja Jumatatu na droni kupima upya. Roho imeniuma kwelikweli.

Jumamosi, 8 Februari

Dawa nimeipata! Posa ifike kabla ya Jumatatu. Inataka mshenga mzito, na mjomba ana neno kubwa kwa binti wa dadake. Nimekwenda kwa Chirau. Shikamoo, marahaba, kahawa, tende. Amekubali hapo hapo, na kanzu ameshaipeleka kupigwa pasi. Sharti lake moja tu: mpaka usipimwe tena. Nimekubali. Kesho asubuhi anakwenda kwa Bi Mwanapili kuniposea.

Twaiba sijamwambia. Nataka afurahi ghafla.