Ukifika, Nipigie

Jumatatu, 4 Machi

Nimeaga. Baba yuko kitandani kwa dada, anapumua kwa shida. Macho yalishaingia ukungu, mimi ananijua kwa sauti. Ujana wake wote alipuliza tarumbeta kwenye ukumbi wa dansi wa ile hoteli kubwa ya ufukweni, kabla haijafungwa na kuachiwa popo. Nilipomwambia nakwenda huko na kamera, alinishika mkono. Akasema nikifika ukumbini, nimpigie. Nikamwambia asihofu, nitampigia hadi achoke.

Nitampigia picha ambayo shemeji, mume wa dada, hajaiota. Yeye na kamera yake ya kuruka na maharusi wake. Mwezi ujao kuna maonyesho ya picha. Tutaona nani fundi.

Simu nimeizima. Shemeji akijua niliko ataniibia wazo.

Jumanne, 5 Machi

Hoteli gani, huu ni mji. Vyumba haviishi. Mapazia yameoza, kwenye kitanda kimoja umeota mti. Bwawa la kuogelea wamehamia vyura. Mlinzi ni mzee anayejiita Meneja, kwa kuwa kiti cha meneja anakikalia yeye. Alisema ukumbini haingii mtu, sakafu mbovu. Nikamdanganya kuwa nimetumwa na wenye mali. Kosa kubwa. Alinitolea malalamiko yake yote tangu walipomsahau hapa, nami ikabidi nitikise kichwa kama mwenye mali. Jua likazama. Picha sijapata hata moja.

Jumatano, 6 Machi

Nimeingia. Jukwaa la baba bado lipo. Ukikohoa, ukumbi mzima unakujibu. Bahari inasikika hadi ndani, madirisha hayana vioo. Nilisimama tu, nikamkumbuka akirudi nyumbani na midomo imevimba.

Ila mwanga hovyo, mawingu matupu. Nikapanga viti kana kwamba wageni wametoka mara moja. Nikamfunga Meneja kitambaa cha meza awe mhudumu. Aligoma, akakubali, akasinzia. Nikarudi nyuma kidogo kutafuta pembe, sakafu ikameza mguu wangu hadi pajani. Kamera salama. Suruali tusiiongelee.

Meneja aliponivuta, nikalalamika kuwa baba ananisubiri. Akaniuliza kwa nini nisimpigie simu, nimwambie nachelewa. Nikamjibu baba anasubiri picha, si maneno. Watu wengine hawaelewi sanaa.

Alhamisi, 7 Machi

Jua limetoka. Picha nimeipata: jukwaa, vumbi likielea, viti vyote vimeligeukia. Nililia kidogo. Nitamchapishia kubwa kama mlango, macho yake yaione kwa lazima.

Ijumaa, 8 Machi

Nimewasha simu stendi. Dada alikuwa amenitafuta mpaka basi. Baba amefariki jana jioni.

Dada anasema simu haikumtoka baba kifuani. Alikataa hata ikachajiwe chumba kingine. Kila ikiita aliwaamuru wote wanyamaze, huyo ni mwanangu, nataka kuusikia ukumbi. Kuusikia. Alitaka apigiwe simu. Picha angeifanyia nini, mtu haoni.

Dada hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Shemeji alinikumbatia akanililia begani mpaka shati likalowa. Hata kulia kanizidi.

Jumatatu, 18 Machi

Tumegawana vitu vya baba. Dada kachukua tarumbeta. Mimi nimeomba simu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Jumapili, 24 Machi

Nimerudi. Safari hii sikumdanganya Meneja, nikamweleza yote. Akanisindikiza ukumbini akinishika kiwiko.

Nikatoa simu yangu, nikapiga namba ya baba. Nilitaka tu iite, niwe nimetimiza. Ikaita kwenye mfuko wangu wa koti. Nilisahau kuwa ninayo mimi. Mlio wake ni tarumbeta, aliurekodi mwenyewe zamani. Ukajaa ukumbi mzima, ukagonga kuta, ukarudi. Meneja akavua kofia.

Nikaipokea. Simu hii sikio hili, ile sikio lile. Nikasema baba, nimefika. Sauti yangu ikanijia kwa kuchelewa, na nyuma yake bahari. Nikanyamaza ili aisikie vizuri. Namkosa baba yangu, namkosa vibaya.

Hapo ndipo jua lilipoingia dirishani, likamwangukia Meneja na kofia yake kifuani, machozi yanang'aa. Mwanga wa ajabu. Nikakata simu, nikashika kamera.

Shemeji atakoma.