Kopo Lenye Njaa

Jumatatu, 4 Novemba
Chachu imepanda! Unga wa ngano na maji tu, hamira hata chembe sikutia, na leo imefika mdomoni mwa kopo. Nimeificha jikoni nyuma ya mkaa, Bartholomeo asije akachungulia. Jirani huyu anajiona mfalme wa mikate Runzewe nzima. Ngoja. Alhamisi Mama Agnetha mwenye gesti anakuja kuonja mkate wake na wangu, achague wa kuwapa wageni wake asubuhi. Lusia, mke wangu, kasema nikishindwa naenda Didia kulima majaruba ya mpunga ya mama yake mpaka mavuno. Mimi na jembe wapi na wapi!

Jumanne, 5 Novemba
Balaa. Mama mkwe kaja kutusalimia na kapiga kambi jikoni. Mimi ni Msukuma niliyelelewa. Alipo mama mkwe siingii, na kumsemesha moja kwa moja ni mwiko. Chachu imo humo humo na haijala tangu jana! Lusia yuko gulioni.

Nikapata akili. Nikasimama nyuma ya ukuta, nikamwambia mbuzi wetu aliyefungwa pale, kwa sauti ya kufika jikoni: "Mbuzi, nyuma ya mkaa kuna kopo lina njaa. Likipata unga kidogo na maji, litashukuru."

Mama mkwe naye akamjibu mbuzi kwamba amesikia, kopo lisiwe na wasiwasi. Adabu na akili, vyote ninavyo.

Baadaye akakohoa. Kutoka, nakuta bakuli la uji mlangoni. Mchachu, mtamu ajabu! Nimelamba mpaka bakuli.

Jumatano, 6 Novemba
Lusia kacheka mpaka kakaa chini. Eti mama yake kamsifu mkwe wake mwenye haya: ana njaa, hathubutu kusema, anasingizia kopo. Basi kaipika ile chachu. Nimekunywa chachu yangu mwenyewe! Roho inaniuma, siku zote zile nimeibembeleza. Na kulaumu siwezi. Nimemwagiza mbuzi ampelekee shukrani.

Lakini mimi Mayala sikwami. Nimemtuma mpita njia akaninunulie mkate kwa Bartholomeo. Nimeupaka maji ya ukwaju uwe mchachu, nikaubabua kidogo juu ya mkaa. Nani atajua?

Alhamisi, 7 Novemba
Mama Agnetha kajua. Kaugeuza tu. Bati la kuokea la Bartholomeo limebonyea, na mikate yake yote ina kishimo chini. Bartholomeo kanishukuru kwa kumuunga mkono. Mbele za watu!

Ukwaju ukamkereketa Mama Agnetha, akaomba chochote cha kusuuza koo. Mama mkwe kamtuma Lusia na uji. Kumbe ile chachu hakuimaliza! Alibakiza kidogo, akailisha unga wa mtama, ikaumuka upya. Mama Agnetha kanywa, kaomba tena, kisha katoa uamuzi: mkate wa Bartholomeo, uji wa mama mkwe, kila asubuhi. Kwa hiyo mama mkwe harudi tena Didia, anakaa kwangu. Na majaruba yake nani atayalima? Lusia kaniangalia tu.

Jumapili, 10 Novemba. Didia.
Mikono ina malengelenge. Majaruba haya hayana mwisho. Lakini nimetuliza akili na nimepata ufumbuzi. Nimewatangazia wanakijiji kwamba mimi ni mtaalamu wa mkate usiotiwa hamira. Anayetaka siri anilimie jaruba moja. Wamejitokeza wengi! Kuna wakati akili hizi zinanitisha mwenyewe.

Ila wanasema somo kwanza, jembe baadaye. Somo ni kesho asubuhi, na chachu yangu mimi iliishia tumboni kabla sijaoka mkate. Nimempigia Lusia amuulize mama yake alifanyaje chachu isife. Anapokea mama mkwe. Nakata. Napiga tena, anapokea yeye. Nakata. Simu nyumbani iko moja, na inaelekea inakaa jikoni.

Hata hivyo, mpango wenyewe hauna kasoro.