Kobe wa Taifa Kwenye Msingi Wangu

Jumatatu, 2 Machi
Fundi kaja mapema, ajabu ya kwanza. Kaanza msingi wa chumba cha binti yangu, hajafika mbali, kasimama. Nikadhani kakutana na jiwe. Kumbe kobe! Amejikalia pale ninapotaka mlango, anafukia mayai yake bila haya, kana kwamba kiwanja marehemu mume wangu alimwachia yeye.

Binti ana mimba kubwa. Analala sebuleni kwenye godoro, kati ya cherehani na mtungi wa gesi. Nataka mtoto azaliwe akute chumba. Ni hilo tu naomba.

Wifi yangu, jirani, akachungulia juu ya uzio. Akasema hao ni wa aina inayokwisha duniani, kasikia redioni. Redio anaisikia saa ngapi na mdomo wake haupumziki? Kufika mchana bwana wanyamapori yuko mlangoni. Nani kampigia simu, simtaji.

Mayai kayazungushia vigingi na utepe mwekundu. Marufuku kuchimba mpaka yaanguliwe. Miezi! Nikamwambia hati ya kiwanja ninayo, iko chini ya godoro, nimwambie binti ainuke niitoe? Akanijibu kwa upole, na upole ndio ulioniudhi. "Mama, ardhi ni yako. Kobe ni wa taifa zima."

Basi taifa zima lije limchukue.

Jumanne, 3 Machi
Taifa halikuja. Nimembeba mwenyewe. Beseni la kufulia, shuka juu yake, nikapenya tundu la uzio kama naenda kuomba chumvi. Nikamwacha nyuma ya bafu la wifi. Sasa awe kobe wake na utepe wake.

Kanikojolea gauni zima. Mnyama mdogo vile, mkojo wote ule anauweka wapi?

Jioni karudi. Tundu lile lile. Akaniangalia kama mimi ndiye mgeni. Binti kampa majani ya kabichi, anamwita Bibi. Nikamuuliza bibi wa nani. Akasema wazazi wanajuana. Nikaingia ndani haraka asinione nacheka.

Jumatano, 4 Machi
Binti kaamka ameshika kiuno. Anasema hajambo. Nimemzaa mimi, namjua.

Mayai siyagusi. Nami nimezaa. Lakini utepe haujazaa! Nimeng'oa vigingi nikavihamishia kule uzioni. Ndani yake nikalundika mchanga wa fundi, nikaupigapiga kwa mwiko mpaka ukawa kiota kabisa. Akili hii kama ningeipeleka shule, nisingeishia darasa la nne. Mayai yenyewe nitayafunika kwa karai, fundi ayazunguke tu. Nimempigia aje Ijumaa.

Ijumaa, 6 Machi
Fundi kaja. Bwana wanyamapori naye kaja! Akamkuta Bibi anaota jua pale pale pa mwanzo, kando ya karai. Kobe mmbeya kuliko wifi. Bwana akaangalia karai, akaangalia utepe kule uzioni, akauliza nani kauhamisha.

Jasho. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema, mwanangu, nimegundua kiota cha pili, watu wanapita pale, nikaazima utepe nikilinde.

Kijana wa watu nusura alie kwa furaha. Akanishika mikono yote miwili. Akasema wangekuwa na kina mama kama mimi, kobe wasingekwisha. Kisha akatoa utepe mpya. Kiota cha kwanza kafunga upya. Cha pili, kwa kuwa kiko njiani, kakipa duara kubwa zaidi. Limemeza kamba yangu ya kuanikia nguo na bafu zima la wifi.

Fundi kabeba koleo lake, kaenda kwa watu wasio na kobe. Mchanga mtupu unalindwa na serikali, na nikisema neno nimekwisha.

Jumapili, 8 Machi
Wifi sasa anaoga kwangu. Kaja na taulo, sabuni na malalamiko. Anaimba humo ndani, maji yote kamaliza. Alipotoka akamkuta binti anajaribu kuinuka kwenye godoro. Akanyamaza. Wifi, kunyamaza! Nikaogopa.

"Wifi, stoo yangu naifagia leo. Mtoto wa kaka yangu hatalea kichanga chini ya cherehani."

Binti akamkumbatia shangazi yake. Mimi nikasema ahsante. Ilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi, 14 Machi
Mjukuu kazaliwa Jumanne! Wa kike, mzima, vidole vyote. Nimelia mpaka nesi kanipa kiti.

Lakini analala kwa wifi. Wifi ndiye anayembeba, wifi anawaambia wageni pua ni ya upande wao. Kumwona mjukuu wangu mwenyewe, nibishe hodi. Na nikishabisha naulizwa kama nimenawa!

Bwana wanyamapori kapita kutupongeza. Akasema nina jicho, nikiona kiota kingine nimpigie mimi mwenyewe.

Nimewaza. Kikionekana cha tatu, pale hasa mlangoni pa stoo ya wifi, stoo itafungwa. Binti na kichanga watarudi kwangu leo leo. Watalala wapi, hilo tutaliona wakishafika.

Mchanga umebaki mwingi. Bibi yuko kwenye beseni, shuka juu. Mara hii nimevaa koti la mvua.