Bastola Aipendayo Brigedia

Jumatatu, 3 Machi
Nimeteuliwa! Niko kwenye kamati ya kuchagua bastola moja itakayobebwa na kila ofisa wa jeshi letu. Mwenyekiti ni Brigedia. Bastola ziko tatu, na majina ya viwanda yamefunikwa kwa utepe: kijani, njano na nyekundu. Fundi silaha alieleza mengi kuhusu tepe hizo. Sikumsikiliza. Nilikuwa nasoma uso wa Brigedia.

Nafasi ya umeja ni moja, na makapteni tunaoinyemelea ni wawili: mimi na Shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye naye kapenyezwa kwenye kamati. Mama mkwe amehamia kwangu kusubiri matokeo. Anasema sisi sote ni wanawe. Lakini dua anamwombea nani? Nimesikia ukutani. Si mimi.

Mbinu yangu ni nyepesi. Mimi sichagui bastola, nachagua atakachochagua Brigedia. Leo aliishika ya kijani, akatabasamu. Papo hapo nikatangaza kwamba kijani ndiyo yenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Uwanja wa shabaha. Brigedia alifyatua ya kijani, akakunja uso, akasema inapiga teke kama punda. Jamani! Si jana tu aliichekea? Akachukua ya njano, akatabasamu vilevile. Nikakohoa, nikasema kijani nilikuwa naitilia shaka tangu mwanzo. Brigedia alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani ananikubali.

Shemeji alifumba macho, akazipapasa zote, naye akasema njano. Anajikomba waziwazi! Mtu mzima hana haya.

Jumatano, 5 Machi
Sielewi. Leo bastola zilizikwa kwenye tope, zikatolewa, zikafyatuliwa. Brigedia kaisifu nyekundu! Shemeji kafumba macho, kasema nyekundu! Mimi nilikuwa nimeshakula kiapo kwa ajili ya njano. Ikabidi niseme kwamba njano ya moyoni mwangu inaelekea wekundu. Fundi silaha alicheka hadi akashika meza.

Brigedia ni kigeugeu, au mimi nimerogwa? Chakula cha mchana kimenishinda. Mke wangu kaniuliza kwa nini nisiseme tu ile niliyoipenda. Nimejaribu kuikumbuka. Hakuna.

Alhamisi, 6 Machi
Hakuna majaribio leo, nimepata nafasi ya kufikiri. Nimeipata siri! Kijani, njano, nyekundu. Brigedia anazunguka. Kesho, siku ya uamuzi, atarudi kwenye kijani. Akili ninayo, basi tu sijatambuliwa.

Mchana fundi silaha alipokwenda kunywa chai, niliingia ghalani. Nikatafuna mkate, nikaupachika kwenye makasha ya risasi ya bastola nyekundu na ya njano. Kesho zitakwama mbele ya watu. Ya kijani itanguruma, na mimi nitakuwa nimeitangaza mapema kuliko Shemeji. Mama mkwe atajua mwanawe halisi ni nani.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeumbuka.

Nilisimama kabla Brigedia hajaketi. Nikasema roho yangu, utumishi wangu na umeja wangu, kama upo, naviweka juu ya ile ya kijani. Nikainyakua, nikalenga, nikavuta. Tik. Nikavuta tena. Tik. Shemeji akachukua ya njano, akatoboa shabaha katikati. Brigedia akasema ndiyo hiyo hiyo aliyoipenda tangu Jumatatu.

Hiyo hiyo? Tangu Jumatatu? Nikauliza kwa sauti. Kosa! Fundi silaha akaeleza taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba kila jioni huhamisha tepe kutoka bastola moja hadi nyingine, ili watu wachague kwa mkono na si kwa rangi. Aliwaambia wote siku ya kwanza. Kisha akafungua kasha la ile ya kijani, akatoa donge la mkate. Akalinusa. Wote wakageuka kunitazama. Kifuani nilikuwa na chembe za mkate. Hata hizo hazikuwa za jana, zilikuwa za kifungua kinywa, lakini nani angenisikiliza?

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji ni meja. Mama mkwe amepiga vigelegele sebuleni kwangu, kwenye kiti changu. Mimi nimepangiwa kuwa msaidizi wa ofisi. Ofisi ya nani? Ya Shemeji. Nimempigia saluti mbele ya mke wangu. Nusura nilie, nasema kweli.

Lakini sasa nimeelewa nilipokosea. Nilimfuata mkubwa asiye wangu! Mkubwa wangu ni Meja Shemeji, naye nitamsoma uso vizuri zaidi. Alipokuja kutusalimia leo alikunywa chai bila sukari, akatabasamu. Nikatangaza mbele ya wote kwamba sukari mimi siiwezi tangu utotoni. Mke wangu anasema sukari iliisha tangu asubuhi, na Shemeji alitabasamu kwa adabu tu.

Mwanamke huyu hajui mambo ya jeshi. Sukari nimeacha.